Nusu Alama

Chumba cha saba, ghorofa ya pili, Kampala.
Meza, vikombe viwili vya maji, kinasa sauti,
saa yangu ya kuhesabia, fomu.
Sheria: nisitabasamu kupita kiasi.
Nisiseme "vizuri". Nisimsaidie neno.

Akaingia na namba kifuani,
Ayikoru, muuguzi, kutoka upande wa Arua.
Niliposikia "r" yake ya kwanza
nikajua hata kisima alichonywea.
Sikusema. Sheria.

Nikamsomea kadi:
Simulia safari ya treni uliyoifurahia.
Una dakika moja ya kujiandaa.

Treni!
Akaigeuza kadi, akatazama na mgongo wake.
Kisha akasema hajapanda treni maishani,
ila usiku mmoja alipanda bodaboda
amemkumbatia mama mwenye uchungu,
mvua, tope la Vurra mpaka magotini,
na walipoiona taa ya zahanati
yule mama alikuwa

Hapo akanyamaza.

Sekunde nne. Tano. Tisa.
Kwetu marehemu hatajwi mbiombio,
unampisha kwanza apite, ndipo unaongea.
Lakini fomu ina kisanduku cha kusita,
haina kisanduku cha msiba.
Nikaandika: anasita.

Nilikuwa na miaka minane
waliponivika kibao shingoni, kamba ya katani,
kwa kuwa nimeomba maji kwa Kilugbara.
Hukivui mpaka umkamate mwingine.
Nikamkamata dada yangu.

Leo sina kamba. Nina kalamu.

Chuo kinataka sita na nusu.
Mwaka juzi kilitaka sita tu,
kisha kikao kikaketi, chai ikanywewa,
wakatangaza wameinua kiwango,
kama mtu anayeinua kizingiti
akidhani nyumba imerefuka.
Nikajumlisha. Nikarudia. Sita.

Nusu!
Muuza mihogo wa kwetu hukuongezea nusu
bila kuombwa, akacheka, akafunga mfuko.
Hapa nusu ni magunia matatu ya tumbaku ya babake,
ni nauli, ni karo ya mtihani ule ule,
na huenda kadi nyingine, ya meli au theluji.

Alinishukuru kwa Kiingereza
ambacho mwalimu wangu wa kibao angekionea wivu.
Nikazima kinasa sauti.
Mlangoni akageuka, na kwa lugha ya nyumbani
akaniuliza kama mama yangu bado yu hai.

Nikafungua mdomo.
Nikasita
mpaka viatu vyake vikaisha ngazini.