Hatua Arobaini na Moja

Ni hatua arobaini na moja, kayaba hadi kayaba,
arobaini na tatu goti likiniuma.
Wapitao hudhani ni kiwanja kisicho na mwenyewe:
mjakaranda mmoja, mabenchi mawili,
la tatu limebaki miguu tu.

Mpimaji ndiye aliyekosea. Njia tatu za nyumba za reli
zilitakiwa kukutana, hazikukutana,
ikabaki pembe hii, kama kitambaa
fundi akishakata gauni.
Baraza la mji likaleta mfereji. Basi.
Mengine tukaweka sisi.

Kayaba aliipanda Obwaka, mpiga king'ora wa karakana,
mche mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa mtaani.
Ndiyo maana ua umesongamana kaskazini
na kusini unapitisha mbuzi:
safu ya C ilijaliwa.
Mche wa pili wa mapacha wa Kerubo,
wa yule ambaye hakulia,
una miiba mirefu kuliko yote. Haukatwi.

Kisha mwaka wa mabati. Mtu wa suti na hatimiliki
akazungusha uzio Ijumaa jioni, mahakama ikiwa imefungwa.
Jumatatu hapakuwa na uzio.
Hakuna aliyeona kitu.
Ila mvua ya Aprili ilipofika,
vibanda vya kuku vya mtaa mzima
vilikuwa na mapaa mapya, yanang'aa,
geji ile ile.

Na Januari ile. Sitaieleza.
Nitasema tu mfereji haukumwuliza mtu lugha yake,
na kwamba Zamzam wa safu ya A na mama Cheptoo
waliufungua alfajiri kwa zamu, leo huyu, kesho yule,
wakipokezana ufunguo bila kuamkiana,
hadi asubuhi moja wakaamkiana.

Siku hizi mfereji ni mkavu. Vumbi jeupe la Nakuru
hulala benchini kabla yangu.
Kaunti imesimika kibao: USIKANYAGE NYASI.
Nyasi zipi?
Watoto wamekifanya mlingoti wa goli.

Jana kijana fulani alinikuta nikipima.
"Umepoteza nini, shosho?"
Sijapoteza, nikamwambia. Nahesabu
isije ikapungua.
Akatia simu mfukoni, akatembea nami.
Kwa miguu yake ya korongo zikatoka thelathini na nne.
Tukabishana.
Tukarudi kwenye kayaba, tukaanza upya.