Hesabu ya Wiki Tatu

Wiki tatu tu, nasema, kama mtu aendaye sokoni.
Bologna, kozi ya kuponya karatasi kuukuu,
na mimi mjalidi vitabu wa Yerevan,
ghorofa ya tano, lifti mbovu.

Ndege ya saa tisa usiku ndiyo nafuu;
itanitua Viena saa saba nzima,
nitasinzia begi kifuani.
Chumba: Bi Ornella anataka nusu mbele,
maji ya moto mwisho saa nne, wageni hapana.
Nimemjibu: wageni wangu ni gundi na brashi.

Hrant ameshika kalamu, mimi kifutio.
Basi la uwanja wa ndege: futa, nina miguu.
Chakula cha jioni: futa nusu,
mama atanifungia aprikoti kavu.
Bima haifutiki.
Viza haifutiki, na wakininyima
pesa yao hairudi.

Bado yuro arobaini zinapelea.
Haba na haba, nasema.
Kibaba kina tundu, anajibu.

Usiku naamka kunywa maji,
nakuta mstari mpya, mwandiko wake:
aiskrimu, yuro tatu.

Sasa zinapelea arobaini na tatu.
Kifutio kiko palepale mezani.
Nazima taa.