Gramu Ishirini

Mwaka juzi watu wa vipimo walinitoza faini
kwa mkate uliopungua gramu ishirini.
Waliupakata kama kichanga, wakaulaza kwenye mizani,
wakaandika, wakagonga muhuri.
Sikubisha. Mteja asiye na mizani nyumbani
hana budi kuniamini.

Tangu siku hiyo kila donge nalizidishia.
Moto una ushuru wake:
donge huingia na gramu mia nne sitini
likatoka na mia nne na kitu; kilichobaki
kimepaa dirishani, kimekwenda Keko Machungwa
kuwaamsha watu kwa harufu.

Basi Pazi alipokuja usiku wa Jumatano
na koti la mvua katika kiangazi hiki,
chini yake amejiviringisha nailoni za magodoro,
sikuhitaji kuelezwa.
"Kaka Mshindo, niazime joto."
Akaketi kati ya mlango wa tanuri na magunia ya ngano
akitafuna bigijii, akitemea kwenye chupa.
Alikuwa na sitini na tatu na nusu.
Alitakiwa hamsini na saba,
Ijumaa, saa nne asubuhi, Manzese.

Nimeumua unga miaka kumi na tisa.
Upande huu hamira inafanya kazi, maandazi yanajaza mashavu;
upande ule mashavu ya mtu yanaingia ndani.
Alfajiri akaomba maji. Nikampa kizibo kimoja.
Akasukutua, akatema, akaiangalia chupa.
"Mate yameisha, Kaka. Sasa nateme nini?"

Ijumaa nilipeleka mikate, nikapitia huko.
Alipanda uchi, wamemzungushia taulo.
Hamsini na saba, hata unywele haukuzidi.
Alipotabasamu mdomo ulipasuka.
Nyuma yake akapanda Ambokile, kijana wa Mbeya anayekaa Tandale,
na suruali yake, na soksi zake,
na nusu mkate wangu tumboni:
hamsini na sita na nusu.
Hakujikausha popote. Ndio mwili aliopewa.
Wakasimamishwa uso kwa uso wapigwe picha,
sawa kwa sawa, karatasi ikasema.

Halafu mizani ikarudishwa kwenye sanduku lake.

Jumamosi hakuna aliyeifungua.
Pazi alikuwa amekesha akinywa: maji ya chumvi na sukari, madafu,
uji, supu ya makongoro, kisha dripu
kwa mtu wa duka la dawa asiyeuliza maswali.
Akapanda ulingoni ameumuka.
Jicho langu limezoea kukadiria. Nilihesabu kilo sita.
Sita!
Watu wengine waliona ngumi tu.
Raundi ya nne: mbavu, mbavu, taya,
Ambokile akashuka taratibu
kama gunia lililotobolewa chini.
Refa alihesabu vizuri, hakuruka namba.

Hakuna aliyevunja sheria.
Na Pazi hakuokota ushindi barabarani:
Jumapili alikojoa rangi ya kahawa,
akaja kunionyesha chupa, akicheka kwa woga.
Nimshitaki nani? Moto ni wangu.

Jumatatu watu wa vipimo walirudi.
Mikate kumi, yote imetimia, mitatu imezidi.
"Wewe ni mwaminifu," akasema binti mwenye muhuri.
Nikajifanya napangusa meza.

Usiku huohuo mlango ukagongwa.
Ambokile, jicho moja limefumba,
koti la mvua mkononi, jipya, lebo bado inaning'inia.
Hakuniamkia. Hakuuliza bei.
"Naambiwa kwenye hamsini na tatu na nusu," akasema,
"kuna watu wadogo."

Donge lilikuwa limefura hadi ukingoni mwa beseni.
Nikalipiga ngumi moja, likanywea.
Kisha nikasogeza gunia
akapata pa kukaa.