Yupi Ajuaye Kulala

Trondheim, saa tisa mchana, na giza limekwisha kukaa madirishani.
Mezani chipu mbili, kila moja ndogo kuliko dengu.
Yngvar anaitetea ya polepole:
"Hii hunywa umeme kama mgonjwa anywavyo uji."
Mimi nashikilia ile ya mbio,
yenye jina baya la ulafi.

Tunatengeneza mkanda wa shingo ya kulungu wa theluji.
Kazi yake kusikiliza,
kupambanua usingizi na kifo,
kisha kumwambia Issát, mbali huko Finnmark.
Issát hana haja na megahezi.
Alituandikia mistari miwili tu:
Betri zilizimika Februari.
Mifupa niliiokota Aprili.

Mwenda pole hajikwai, sawa,
lakini tazama kwenye skrini:
ya polepole inachora kilima kipana,
milisekunde mia mbili inajumlisha na kutoa, jiko li moto muda wote;
ya mbio inachoma juu kama mwiba,
milisekunde tisa, imemaliza, imezima, imejifunika.
Tukapima eneo lililo chini ya mstari.
Mwiba ulikula kidogo kuliko kilima.
Nikacheka. Mapema mno.

Maana Yngvar, bila neno,
aliitia chipu yangu pamoja na betri yake
kwenye friza ya kantini, kati ya samaki wa Ijumaa.
Kufika nyuzi thelathini chini ya sifuri
betri ikawa na mkono wa birika:
mwiba ukaomba, betri ikanyima,
chipu ikaanguka, ikaamka, ikaanguka,
kila mara ikijitambulisha upya
kama mgeni aliyesahau kwamba alishasalimu.

Siku tatu hatukusemezana ila kwa namba.
Siku ya nne alikuja na ubao mpya:
chipu moja, viini viwili,
na kapasita ya kukinga umeme tone kwa tone
kabla mwiba haujachomoza.
Kiini chake kinakesha, kinahesabu hatua.
Changu kinalala fofofo
mpaka hatua zikome.

Nilikuwa nimebishania mbio mwezi mzima.
Kumbe swali lilikuwa yupi ajuaye kulala,
na nani atamwamsha.

Februari, usiku wa manane, ujumbe:
namba arobaini na moja, dakika hamsini hajapiga hatua.
Kiini cha Yngvar kikapiga hodi kwa changu.
Milisekunde tisa.

Anacheua.