Boneti Yenye Joto

Leitrim, Januari, barafu imeshika nyasi.
Kabla ya salamu naweka kiganja juu ya boneti.
Ina joto.
"Umeiwasha asubuhi?"
Bwana Mulvey anakohoa. "Kidogo tu. Baridi, unajua."

Najua. Mnyororo hulia injini ikiwa baridi;
ipashe moto, unanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Ilikuwa ya dada yangu Attracta, Mungu amrehemu.
Kanisani, dukani, nyumbani. Kilomita elfu arobaini
kwa miaka tisa!"
Anaitaja idadi kama anayetaja mahari.

Lakini dizeli haidekezwi hivyo.
Inataka barabara ndefu, ipumue, iyachome masizi yake.
Safari za dakika nne zimeyashindilia kwenye chujio
hadi bomba limekabwa koo,
na taa ya njano kwenye dashibodi
imezibwa kwa plasta ya kidonda.

Ndani ya kidroo cha mbele, mwandiko wake, penseli:
mkate
mishumaa
betri ya redio
na chini kabisa, peke yake:
Galway?

Namrudishia Mulvey ufunguo.
Nafika getini.
Nageuka, nauomba tena.