Bado Umo?

Walinipigia simu Wete kabla sijachovya kipande cha pili:
picha za eksirei hazimfikii daktari,
printa ya maabara inatoa nusu ya jina, inalala,
na daftari la wazazi, lile la kwenye kompyuta,
linazungusha kiduara tangu alfajiri.
"Mtandao umekufa," alisema Bi Zuwena wa mapokezi.

Haukufa. Ulikuwa unapayuka.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka.
Juu ya rafu, swichi ya matundu ishirini na manne,
na juu ya swichi, mjusi kafiri,
amepata joto la bure, hana nia ya kuhama.
Taa zote zinapepesa kwa pamoja
kama watu wanaocheka mzaha wasiousikia.

Kuna televisheni tano za mafunzo,
kunawa mikono, kunyonyesha, chandarua,
na kasha moja kule mbele linalozipelekea picha.
Kasha halina kosa. Linasema mara moja tu,
kwa kundi, kwa anwani ya kundi,
mbili tatu tisa, nukta, na mkia wake:
anayetaka achukue.
Lakini swichi haikufunzwa nani anataka.
Ikipokea neno la kundi inalipigia mbiu,
chumba cha upasuaji, maabara, mizani ya watoto,
mochwari.
Mochwari, jamani, somo la kunyonyesha,
picha ishirini na tano kila sekunde.

Nikakalia ndoo, nikafungua kompyuta mapajani.
Kwetu Kiuyu harusi haitangazwi kwa spika.
Kuna mwalishi: anajitanda kanga, anapita
nyumba kwa nyumba, na anaijua nyumba ya kuruka
na kwa nini.
Hiyo ndiyo kazi niliyoitakia swichi:
itege sikio mlangoni,
televisheni ikinong'ona "na mie nimo,"
iandike, tundu la tatu, tundu la tisa;
wengine iwaache na kazi zao.

Nikaandika mstari mmoja. Nikabonyeza.
Taa zikatulia, hii, kisha ile.
Printa ikatema majina yaliyokwama tangu juzi:
Shaame, Bikombo, Mchanga, Shaame tena.
Bi Zuwena akapiga nusu ya kigelegele,
akaukumbuka wodi, akaumeza uliobaki.
Nikakunja waya. Nikasifiwa. Nikaona raha.

Dakika nne na kidogo,
televisheni zote tano zikazimika.

Nikairudia ndoo yangu.
Nikashuku kebo. Nikashuku kasha. Nikamshuku hata mjusi.
Kumbe nimeweka mwalishi asiyerudi kuuliza.
Swichi ilisikiliza, haikuacha kusikiliza,
ila televisheni haisemi mara ya pili bila kuulizwa,
na asiyesema, kwa hesabu ya mashine,
kahama, au kafa; jina lake linafutwa.
Lazima pawe na mmoja
kila sekunde mia na ishirini na tano
wa kupita na kubisha: mumo?

Nikaipa swichi kazi hiyo pia.
Ikauliza. Zikajibu.
Yule mama wa kwenye kioo akarudi,
mtoto palepale, titi palepale,
kama hakuna aliyemfuta.

Nikabaki mle ndani, kazi imekwisha.
Nikamkumbuka shangazi Mwatime wa Kangagani,
aliyenilipia chuo kwa noti
alizozifunga fundo kwenye pindo la kanga,
akazifungua moja moja, kila moja akiilamba kidole.
Mara ya mwisho kumpigia ilikuwa kabla ya kufunga,
na sasa tumeingia Mfunguo Nne.
Yeye hapigi. Ukimwuliza, anasema hajambo.
Usipomwuliza, hasemi.

Mlango ukagongwa kwa kidole kimoja.
"Fundi," Bi Zuwena, sahani mkononi, "bado umo?"

Mjusi akageuza kichwa.
"Nimo," nikasema, "nimo,"
na simu sikioni inaita Kangagani,
inaita,
inaita.