Saa Sita, Colchani

Kamera yangu haijui chumvi.
Imeona weupe umetanda hadi ukingo wa mbingu,
ikaingiwa na hofu, ikaubana mwanga,
na uwanda wote ukatoka kijivu
kama jivu la jiko la jana.

Naongeza hatua moja. Bado.
Moja na nusu: chumvi imerudi kuwa chumvi,
lakini uso wa Zenobio, chini ya kofia ya sufu,
umebaki shimo jeusi lenye meno.
Anacheka. "Umeniunguza, dada?"
Yeye ana sepetu, miwani ya giza, kitambaa puani,
na vichuguu arobaini vya kumaliza
kabla lori halijafika.

Nilifundishwa: ngoja jioni,
jua likilegea kila kitu husamehewa.
Nikangoja, jana.
Jioni ikaja na dhahabu yake yote,
na uwandani hapakuwa na mtu.
Watu wa chumvi hawafanyi kazi saa ya picha.

Basi leo ni jua la utosi,
kivuli changu nimekikanyaga chote.
Napiga magoti. Chumvi inanichoma,
ila ndiyo taa niliyo nayo:
weupe unapanda kutoka chini,
unamwingia kidevuni, mashavuni,
hadi kwenye mikunjo ambayo jua limeinyima.

Nabonyeza.
Jicho langu la kulia linachuruzika machozi.
Picha si nzuri, anga imeungua pembeni.
Lakini macho yake yamo. Alivua miwani mara moja tu,
akakunja uso, akairudisha,
akaendelea kuchota.